Dawa za lami vuguvugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Barabara ikianza kutandazwa lami, watu huja na maswali. Mbona hii haitoi moshi? Mbona lori limetoka mbali na mzigo bado unalainika? Yale magunia ya chembe nyeupe pale mtamboni ni ya nini? Majibu haya ni ya wakazi, mafundi, makarani wa kazi na wakandarasi wadogo wa Kilifi na Lamu. Humu, bitumeni ni kile kigundi cheusi peke yake, na lami ni mchanganyiko kamili wa bitumeni, kokoto na vumbi la mawe.

Lami vuguvugu ni kitu gani?

Ni lami ya kawaida iliyopikwa kwa joto la chini. Kokoto ni zilezile, bitumeni ni ileile. Lami moto hutoka mtamboni ikiwa na nyuzi 150 hadi 180 za Selsiasi. Hii ya vuguvugu hutoka kwenye 110 hadi 140 hivi. Jina lisimdanganye mtu, kwa sababu nyuzi 120 zinachubua ngozi papo hapo. Glavu na viatu vizito viko palepale.

Joto la mtamboni lina kazi mbili. La kwanza ni kukausha kokoto. La pili ni kupunguza mnato wa bitumeni ili ivae kila jiwe na baadaye ikubali kushindiliwa na rola. Ukishusha joto bila kufanya lolote jingine, bitumeni inakuwa nzito, mawe mengine yanatoka na mabaka yasiyoshika rangi, na rola inapita juu bila kubana kitu. Pengo hilo ndilo linalozibwa na dawa.

Mambo haya yalianzia Ulaya katika miaka ya 1990: Wajerumani walishika njia ya nta, Wanorwe wakashika njia ya povu. Wamarekani walianza kuyafuatilia kwa bidii baada ya 2002. Kwetu Afrika, majaribio yanayojulikana zaidi yalifanyika Durban, Afrika Kusini, mwishoni mwa muongo wa 2000, na nchi hiyo ikaendelea hadi kuandika mwongozo wake.

Ndiyo ileile lami baridi ya kuzibia mashimo?

Hapana. Lami baridi hutumia bitumeni iliyozimuliwa kwa mafuta au iliyochanganywa na maji (emalsheni), na haihitaji moto wakati wa kuitandaza. Inafaa viraka. Lami vuguvugu inatoka kwenye mtambo mkubwa, inatandazwa kwa mashine na inatakiwa kufikia viwango vyote vya lami moto.

Dawa zenyewe ni za aina gani?

Ziko familia tatu, na kila moja inafanya kazi kwa njia yake. Wauzaji hupenda kuzizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja. Usikubali.

Ya kwanza ni nta. Inayojulikana zaidi ni Sasobit ya kampuni ya Sasol, Afrika Kusini, nta inayotengenezwa kiwandani kwa njia iitwayo Fischer-Tropsch. Huja katika chembe ndogo ngumu. Ikifika nyuzi 115 hivi imeyeyuka yote ndani ya bitumeni, na bitumeni inakuwa nyepesi kuliko ilivyotakiwa kuwa kwa joto hilo. Joto likishuka, nta inaganda tena, kama samli inavyofanya asubuhi ya baridi, na inaacha kimia ndani ya bitumeni kinachoifanya iwe ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya kutiwa dawa. Kipimo chake ni asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa bitumeni, na wengi huishia 1.5. Kuna nta nyingine pia, zikiwemo zinazochimbwa ardhini pamoja na makaa ya mawe Ujerumani, na amidi za mafuta ya asili, lakini hesabu yao inakaribiana na hiyo.

Ya pili ni kemikali za majimaji za jamii ya sabuni. Evotherm ya Marekani, Cecabase RT ya Ufaransa na Rediset zimo humu. Hizi haziufanyi mnato wa bitumeni ushuke sana. Zinachofanya ni kukaa pale bitumeni inapokutana na jiwe na kupunguza msuguano, hivyo bitumeni inatambaa juu ya kokoto na kokoto zinateleza moja juu ya nyingine zinaposhindiliwa. Nyingi zina ndani yake kitu cha kushikiza bitumeni kwenye jiwe, na faida hiyo ya pembeni kwa pwani yetu ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye pipa. Kipimo ni kidogo sana: kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya bitumeni, mara nyingi nusu yake.

Ya tatu ni maji. Ndiyo, maji. Tone la maji likiingia katika bitumeni ya moto linageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600. Bitumeni inaumuka, inakuwa povu, na kwa muda huo inafunika mawe kwa wepesi. Maji yanaweza kuingizwa kwa njia mbili. Mtambo unaweza kuyapuliza moja kwa moja kwa pua maalumu, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya bitumeni. Au unatia zeolaiti, unga wa madini uliobeba maji ndani yake kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wake, na maji hayo yanatoka kidogo kidogo joto likipanda juu ya nyuzi 85 hivi. Zeolaiti huwekwa kwa asilimia 0.25 hadi 0.3 ya uzito wa lami yote, siyo wa bitumeni. Tofauti hiyo imewahi kuwapotosha watu wengi wanaopiga hesabu za ununuzi.

Kwa nini Malindi ihangaike na dawa hizi? Si lami moto inatosha?

Inatosha, pale mtambo ulipo karibu. Shida yetu ni umbali. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni karibu kilomita 120, na lori lililojaa likikwama Mtwapa saa ya jioni, mzigo unaendelea kupoa na hakuna wa kuuhurumia. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200. Desturi ya wengi imekuwa kuipasha lami kupita kiasi mtamboni ili ifike bado ina joto. Hapo wanaunguza kitu kilekile wanachojaribu kukiokoa, kwa sababu bitumeni iliyopashwa sana kwa hewa inazeeka kabla ya kutandazwa. Inakuwa ngumu na kavu, na nyufa zinaanza mapema.

Dawa inabadilisha hesabu hiyo. Unaweza kuipika lami kwa nyuzi 150, yaani karibu na joto la kawaida, ukaitia dawa, na ikifika Malindi imeshuka hadi 120 bado ikashindilika. Hutakuwa umeokoa mafuta mengi ya kuchomea. Umeokoa saa mbili za barabarani. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kutumia dawa upande wetu, wala si moshi na wala si hewa ya ukaa, ingawa hizo ndizo zinazotajwa kwanza kwenye vipeperushi.

Jambo la pili ni upepo. Tabaka jembamba la sentimita 3 au 4 likitandazwa wakati wa kusi, upepo unalipoza upande wa juu haraka kuliko watu wa rola wanavyotaka kuamini. Dawa inampa mtu wa rola nafasi ya kupita mara zinazotakiwa.

Basi ipi inafaa zaidi hapa?

Inategemea barabara na mawe. Hali ya hewa yetu inafuta wasiwasi mmoja wa Wazungu: nta huleta hofu ya nyufa za baridi kali, na Malindi hakuna baridi kali. Uso wa lami hapa unaweza kufika nyuzi 60 juani. Hatari yetu kuu ni mabonde ya magurudumu, yale mawimbi yanayojitokeza pale malori yanapofunga breki, kwenye matuta, mizani na vituo vya matatu. Kwa barabara ya malori mazito, sema ile ya kuelekea Garsen na kuendelea hadi bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, nta ina mantiki kwa sababu inaongeza ugumu barabara ikishapoa.

Nta ina sharti lake, lakini. Lazima kushindilia kuishe kabla haijaanza kuganda, kwenye nyuzi 90 hivi. Ukichelewa, lami inakuwa ngumu ghafla na rola haina la kufanya. Kwa safari ndefu sana, ambako huna hakika mzigo utafika na joto gani, dawa ya majimaji ina huruma zaidi. Lami yake inaendelea kukubali rola hata joto likikaribia 80.

Pale ambapo mawe yana sifa ya kuachana na bitumeni yakipata maji, chukua dawa ya majimaji yenye kishikizi, bila kufikiri mara mbili.

Povu na zeolaiti ningeziweka mwisho kwa pwani. Hazina ubaya zenyewe, na mtambo wa povu hauhitaji kununua dawa kila siku. Lakini zinaongeza maji mahali ambapo tayari tunapigana na maji, na faida yake haidumu safari ndefu. Ukiamua kutumia povu, usitumie maji ya kisima cha chumvi. Magadi na chumvi vitaziba pua za kupulizia, na pua iliyoziba nusu haikupi taarifa: inaendelea kupuliza kidogo, na lami inatoka mbaya siku nzima.

Kilomita moja ya barabara inahitaji dawa kiasi gani?

Tufanye hesabu. Barabara ya upana wa mita 7, lami ya unene wa milimita 50, urefu wa kilomita 1: hizo ni mita za ujazo 350. Lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.4 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji tani 840. Ikiwa bitumeni ni asilimia 5, hizo ni tani 42 za bitumeni.

Nta kwa asilimia 1.5 ya bitumeni: kilo 630. Dawa ya majimaji kwa asilimia 0.5: kilo 210, yaani pipa moja kubwa. Zeolaiti kwa asilimia 0.3 ya lami yote: kilo 2,520, na hapo tayari unafikiria lori la kuibeba. Maji ya povu kwa asilimia 2 ya bitumeni: lita 840.

Unapolinganisha bei, linganisha kwa tani ya lami, usilinganishe kwa kilo ya dawa. Dawa yenye bei ya kutisha kwa kilo inaweza kuwa ndiyo rahisi kuliko zote.

Fundi wangu anasema lami isiyotoa moshi haijaiva. Ni kweli?

Mwambie kwa heshima kwamba moshi ni bitumeni inayopotea. Ule wingu wa buluu unaopanda nyuma ya lori ni mafuta mepesi yanayotoka ndani ya bitumeni, na yalipaswa kubaki humo. Lami haiivi kwa moshi. Kinachoonyesha kwamba imechanganyika ni kokoto zote kuwa nyeusi zinazong'aa, bila mabaka, na kipimajoto kuonyesha kile kilichokubaliwa kwenye jaribio.

Hata hivyo fundi ana hoja moja nyuma ya maneno yake. Bitumeni ambayo haikupashwa sana ni changa, laini zaidi katika miezi ya kwanza. Kwenye barabara ya malori inaweza kubonyea mapema. Nta inaliondoa tatizo hilo. Kwa dawa ya majimaji, injinia anaweza kuchagua bitumeni ngumu zaidi kidogo, lakini uamuzi huo ufanywe maabara kabla ya kazi, si kandokando ya barabara.

Itadumu sawa na lami moto?

Ikishindiliwa vizuri, ndiyo. Na hapa ndipo dawa inaposaidia au inapopoteza pesa. Lami mpya iliyolazwa inatakiwa kubaki na nafasi za hewa zisizozidi asilimia 7 au 8. Ikizidi hapo, nafasi hizo zinaungana, maji na hewa vinapita, na bitumeni inazeeka kutoka ndani. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila asilimia 1 ya hewa inayozidi kiwango hicho inakula karibu sehemu ya kumi ya maisha ya barabara. Dawa inarahisisha kufika kwenye kiwango. Haifanyi kazi ya rola. Mtu akiitumia dawa ili apunguze mizunguko ya rola, amenunua dawa ya kuharibia barabara.

Tuna mawe ya matumbawe tele. Yanaweza kutumika?

Kwa tabaka za chini za barabara, yamekuwa yakitumika pwani kwa muda mrefu. Kwa lami ya juu, tahadhari. Mawe ya matumbawe yana asili ya chokaa, na bitumeni inalipenda jiwe la chokaa. Inashika vizuri kuliko inavyoshika kwenye jiwe lenye mchanga mwingi. Lakini ni laini na yana matundu. Yanasagika chini ya magurudumu na kung'aa yakawa telezi, na yanafyonza bitumeni hadi ile asilimia 5 uliyopanga isitoshe. Yanafyonza maji vilevile, na maji hayo ndani ya matundu hayatoki kwa urahisi kwa joto la vuguvugu.

Kokoto ngumu za bara ya Kilifi zina nguvu zaidi, ila jiwe lenye silika nyingi (madini ya mchanga) linapendana na maji kuliko na bitumeni. Dawa yake ya zamani ni chokaa iliyozimwa, asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa kokoto. Mtu ameniuliza kama chokaa ya tanuu za Lamu, ile iliyojengea majumba ya mji wa kale, inafaa. Kwa wazo ni nzuri, kwa vitendo ubora wake unabadilika kutoka tanuu hadi tanuu, na kwa lami unahitaji unga laini unaofanana kila gunia. Ipimwe kwanza.

Maji ndani ya kokoto yana hatari gani hasa?

Hili ndilo swali ninalotamani lingeulizwa zaidi kuliko yote.

Ukipika kwa nyuzi 160, kokoto zinakauka hata kama zililala nje usiku wa mvua. Utalipa kwa mafuta, kwa sababu kila asilimia 1 ya unyevu inapandisha matumizi kwa kiasi cha sehemu ya kumi hivi, lakini zitakauka. Ukipika kwa nyuzi 120, maji yanaweza kubaki katikati ya jiwe. Bitumeni inalifunika jiwe likiwa na jasho lake. Miezi michache baadaye maji yanatafuta njia ya kutoka, bitumeni inabanduka, na mvua za masika zinaanza kuokota kokoto moja moja. Utaona shimo na kusema lami ilikuwa mbaya, kumbe kosa lilifanyika kwenye rundo la kokoto.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa, jenga banda. Kokoto, na zaidi vumbi la mawe, ambalo linashika maji kuliko kokoto kubwa, viwe chini ya paa, juu ya sakafu yenye mteremko. Kijiko cha trekta kichote juu ya rundo, kisikwangue chini kwenye unyevu. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Malindi. Aliyeweza kuipanga kazi yake baada ya hapo na aipange.

Maabara nayo ifanye kipimo cha kuloweka: vipande vya lami vinavunjwa vikiwa vikavu na vingine vikiwa vimelowekwa, kisha nguvu zinalinganishwa. Vilivyoloweka vibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu ya vile vikavu. Kwa pwani nisingekubali dawa yoyote bila karatasi ya kipimo hiki, kikiwa kimefanywa kwa kokoto zilezile za kazi, siyo za timbo la nchi nyingine.

Mvua ikianza lami ikiwa kwenye lori?

Funika turubai, subiri. Dawa inakupa muda wa kusubiri ambao lami moto haikupi. Haikupi ruhusa ya kutandaza juu ya maji.

Moshi ukipungua, afya ya wafanyakazi inapata nini?

Inapata faida ya kweli. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliamua mwaka 2011 kwamba kazi ya kutandaza lami, pamoja na mvuke wake, huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Hilo ni kundi la tahadhari, halimaanishi kila anayeshika koleo ataugua. Kabla ya hapo kuna mambo ya kila siku: macho kuwasha, kikohozi, kichwa kuuma. Mvuke unapungua sana kila joto linaposhuka, na watu wanaosimama nyuma ya mashine ya kutandaza ndio wanaouhisi kwanza. Katika joto la Februari hata zile nyuzi 30 zilizopungua miguuni ni nafuu.

Tahadhari nyingine ni ya dawa zenyewe. Za majimaji zinawasha ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima. Vumbi la zeolaiti lisivutwe, barakoa ivaliwe.

Mtambo wangu ni wa zamani. Lazima ninunue mpya?

Kwa nta na majimaji, hapana. Nta unaitia kwenye tangi la bitumeni ya moto na kuikoroga kwa vifaa vya kawaida. Majimaji yanaweza kuingizwa kwa pampu ndogo kwenye bomba la bitumeni. Povu ndilo linalohitaji kifaa.

Ila mtambo unaopikia joto la chini una vituko vyake. Kichomeo kilichozoea moto mkubwa, ukikipunguza bila kukirekebisha, kinaacha mafuta ambayo hayakuungua, na mafuta hayo yanalowesha kokoto. Lami itatoka na rangi ya kahawia na harufu ya dizeli. Mifuko ya kuchujia vumbi nayo inaweza kuloana kwa sababu hewa inayopita si moto wa kutosha, vumbi likawa tope na kuziba. Mafundi wa mtambo wakague mambo haya mawili wiki ya kwanza.

Naweza kutia dizeli au mafuta ya taa kidogo badala ya dawa?

Hapana. Mafuta hayo yanalainisha bitumeni, ndiyo, na yanaendelea kuilainisha baada ya barabara kufunguliwa. Yanatoka polepole kwa wiki na miezi, na wakati wote huo malori yanakata mabonde. Tena unatia kitu kinachowaka kwa urahisi ndani ya kitu chenye nyuzi 130. Mafuta machafu ya injini ni mabaya zaidi.

Lamu kisiwani hakuna magari. Haya yanatuhusu nini?

Mji wa kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vya punda na mikokoteni, na sioni sababu ya kuupelekea lami ya aina yoyote. Upande wa bara ni habari nyingine: Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu. Huko ndiko malori ya bandari yanakopita na ndiko mitambo iko mbali. Ukarabati wa barabara ndefu ya namna hiyo ukifanywa kwa lami ya kusafirisha, dawa ni karibu lazima. Lakini pale mafuriko ya Mto Tana yanapofunika barabara, ilivyotokea upande wa Garsen mwishoni mwa 2023, hakuna dawa ya lami inayosaidia. Hapo kinachotakiwa ni tuta refu na makalvati mapana.

Kwa barabara za ndani zisizo na malori, wakazi wa Shela Malindi au Ngomeni wanaweza kuwa na raha zaidi na kabro au changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Si kila barabara inahitaji lami.

Tutajuaje kwamba dawa imewekwa kweli?

Kwa macho, hutajua. Lami yenye dawa na isiyo na dawa zinafanana. Nta inaweza kuonekana maabara kwa kupima jinsi bitumeni inavyoyeyuka na kuganda. Majimaji yaliyotiwa kwa robo au nusu ya asilimia ni vigumu kuyagundua baadaye. Kwa hiyo ushahidi unakusanywa siku ileile. Magunia au mapipa yahesabiwe asubuhi na jioni, idadi ilinganishwe na tani za lami zilizotoka kwenye mizani. Hesabu ya hapo juu ya kilo 630 kwa kilomita inamwezesha hata karani asiye mhandisi kuona kama mambo yanalingana. Joto lipimwe kwenye lori, si kwenye kidude cha mtambo. Vipande vya duara vitobolewe barabarani na nafasi za hewa zipimwe.

Haya yote yaingie kwenye mkataba kabla kazi haijaanza, iwe mwenye barabara ni KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini), KeRRA (za vijijini) au kaunti: aina ya dawa, kipimo chake, joto la juu na la chini, na kipande cha majaribio cha mita mia kadhaa kitakachotandazwa na kupimwa kwanza. Mkandarasi anayekataa kipande cha majaribio hajajiandaa.

Gharama inapungua?

Wakati mwingine. Akiba ya mafuta ya kuchomea hutajwa kati ya asilimia 20 na 35 pale joto linaposhushwa kweli. Ukiitumia dawa kwa ajili ya umbali, huku joto la mtambo likibaki lilipokuwa, akiba hiyo haipo, umenunua muda. Dawa zinaingia kwa meli, bei zinafuata dola, na mzigo mdogo unabeba gharama kubwa ya usafiri kwa kilo. Kwa kazi ya mita mia tano usihangaike. Kwa kilomita ishirini, omba bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, wote kwa tani ya lami.

Plastiki iliyosagwa je, si dawa pia?

Ni kitu tofauti. Plastiki inaifanya bitumeni iwe ngumu, na mara nyingi inataka joto zaidi ili ichanganyike, kinyume cha tunachozungumzia. Vinaweza kutumika pamoja, dawa ikirudisha ulaini ambao plastiki imeuondoa, lakini mchanganyiko huo unahitaji vipimo vyake peke yake.

Dawa iliyobaki ihifadhiwe vipi?

Nta iwekwe kivulini, magunia yasirundikwe juani kwa sababu chembe zinashikamana na kuwa bonge. Zeolaiti ifungwe vizuri isipate unyevu wa bahari. Majimaji yabaki kwenye mapipa yake yenye lebo, mbali na watoto na mbali na kisima, na tarehe ya mwisho isomwe kabla ya kazi inayofuata.